Siku ya Tatu Mpe Jembe: Mgeni Anavyopokelewa Kanisani Dar es Salaam, na Anavyopotea

Kila Jumapili, katika makanisa mengi ya Dar es Salaam, zamu ya matangazo ikifika mzee wa kanisa anashika kipaza sauti: "Kama tuna wageni wanaosali nasi leo kwa mara ya kwanza, tunaomba wasimame tuwaone." Wanasimama wanne, watano. Wanapigiwa makofi, kwaya inawaimbia ubeti mmoja, wanaambiwa wajisikie nyumbani, wanakaa. Matangazo yanaendelea: kikao cha kamati ya ujenzi, ndoa zinazotangazwa mara ya pili, bahasha ambazo hazijarudi. Ibada ikiisha wageni wale wanatoka na umati, wanapita kando ya mnada ambapo jogoo na mkungu wa ndizi vinagombewa, wanasimamisha bajaji. Walikotoka, wanakokaa na kilichowaleta, hakuna anayejua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili za kwanza tunaziweza sana: makofi tunayo, wimbo tunao, soda haikosekani. Siku ya tatu ndiyo inayotushinda, kwa sababu inataka mtu mwenye daftari, simu yenye salio, na utayari wa kumwachia mgeni kazi tuliyozoea kuifanya wenyewe. Mgeni haondoki kanisani kwa sababu hakuchekewa mlangoni. Anaondoka kwa sababu miezi mitatu imepita na hakuna siku hata moja ambayo kutokuja kwake kumeharibu jambo.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Wengi wamekuja kutoka mikoani, na hata waliozaliwa hapa hawatulii: kodi ikiisha Sinza, mwakani wako Kimara, mwaka unaofuata Chanika. Kwa hiyo kila usharika na kila parokia jijini, hata ile iliyojengwa enzi za Wajerumani pale mbele ya bandari, ni kanisa la watu waliohamia. Anayejiita mwenyeji alitangulia kufika tu.

Tuanze na huko kusimama. Anayesimama kwa raha mara nyingi ni yule asiye na shida kubwa: amekuja kumtembelea dada yake, amevaa vizuri, ana salamu kutoka usharika wa Arusha. Asiyesimama ni mwanamke aliyeachwa wiki iliyopita, kijana aliyefukuzwa kazi, mtu aliyegombana na kanisa lake la zamani na hataki jina lake lisikike. Huyu wa pili ndiye hasa aliyekuja kutafuta watu. Kama desturi ya kusimamisha wageni ni ngumu kuiacha, iachwe iwe ya hiari, kisha liongezwe tangazo moja: "Kama ni mara yako ya kwanza na hukupenda kusimama, baada ya ibada kuna meza chini ya mwembe, kuna maji ya kunywa na mtu wa kuongea naye." Meza hiyo iwepo kweli. Tangazo la meza isiyokuwepo ni baya kuliko kunyamaza.

Hapo ndipo inapojitokeza hitilafu ambayo makanisa mengi hayaioni: wazee wa zamu ndio wahesabu sadaka. Baraka ikitolewa tu, watu wanaojulikana zaidi kwa sura na wenye mamlaka ya kumwambia mgeni "karibu" wanajifungia chumbani na makapu kwa muda wa dakika arobaini. Wakitoka, uwanja mtupu. Dawa yake ni kugawa zamu mbili, ya sadaka na ya mapokezi, na mtu asiandikwe zote mbili Jumapili moja. Wa zamu ya mapokezi wana kazi dakika kumi na tano kabla ya ibada na dakika ishirini baada yake. Katika zile ishirini za mwisho ni marufuku kuongea na rafiki yako au kumfuata mchungaji na mambo ya kamati. Marufuku kubwa zaidi ni kusimama pembeni na mtu wa kwenu mkiongea Kichaga, Kihaya au Kinyakyusa. Lugha za nyumbani ni tamu, tunazipenda, lakini mgeni kutoka Mtwara akikuta uani kuna vikundi vitatu na vyote haelewi kinachosemwa, ameshajibiwa swali lake.

Mlangoni, kwa kanisa la watu mia nne, wanatosha wanne: wawili getini, wawili ndani. Tumezoea kuweka vijana wenye tai na mabinti wenye sare kwa sababu wanapendeza. Benedikto wa Nursia, mtawa wa kale aliyeandika kanuni ya maisha ya utawa na ambaye wana wa kanuni hiyo walifungua misheni Pugu mwaka 1888, aliagiza katika sura yake ya 66 kwamba mlangoni akae mzee mwenye busara, anayejua kupokea ujumbe na kutoa jibu, na ambaye umri wake haumruhusu kuzurura. Alijua anachosema. Mama wa miaka sitini aliyezika mume na kusomesha watoto anaona kwa jicho moja kwamba huyu anayeingia amelia njiani. Kijana mwenye tai anaona kwamba amechelewa.

Mambo madogo ya ndani yanahitaji mpango, hayajipangi yenyewe. Mabenchi mawili ya mwisho na yale ya karibu na feni yaachwe wazi hadi wimbo wa kwanza, wenyeji wakae mbele. Mgeni hupenda nyuma, karibu na mlango, na asiburutwe hadi mbele kwa jina la heshima. Mlangoni viwepo vitabu vya nyimbo kumi vya kuazima, maana mgeni aliyesimama mikono mitupu wakati wote wanaimba anajiona kila mtu anamtazama. Kiongozi wa ibada aseme ukurasa, na aseme "tunasimama", "tunakaa", hata kama wenyeji wanajua kwa moyo. Na salamu pia. Aliyekulia kwenye "Bwana Yesu asifiwe" akisalimiwa "Tumsifu Yesu Kristo" anaweza kukwama kabla ya "milele amina", na kinyume chake hivyo hivyo. Anayemsalimu mgeni faragha amsalimie kwanza kwa "habari za asubuhi", salamu ya kanisa ifuate.

Viti vyenye vitambaa vya mgeni rasmi sina neno navyo siku ya harambee. Jumapili ya kawaida vikiwa bado vipo na mwenye gari kubwa anaongozwa kwenye viti hivyo wakati mama wa genge anaambiwa asogee, Yakobo aliliandika jambo hilo katika sura ya pili ya waraka wake, na sijui tunahitaji ufafanuzi gani zaidi. Pia ile kanga inayowekwa mlangoni kwa ajili ya binti aliyevaa nguo fupi: kama lazima impate, impate kwa mkono wa mama mmoja anayemnong'oneza huku akimpeleka kwenye kiti. Siyo kwa sauti ya mhudumu mbele ya foleni.

Ngazi za kuingilia nazo ni mlango wa kwanza uliofungwa kwa mwenye kiti cha magurudumu na kwa bibi mwenye magoti mabovu. Hesabu ya ulalo salama ni moja kwa kumi na mbili: ngazi yenye kimo cha sentimita 15 inahitaji mteremko wenye urefu wa mita 1.8, upana usipungue mita moja. Fundi asiupige sakafu nyororo ya kung'aa, kwa sababu masika ya Machi hadi Mei itageuka utelezi. Aukwangue saruji ikiwa bado mbichi. Kazi hiyo haingoji kamati ya ujenzi imalize mnara.

Sasa daftari. Lisiwe kubwa wala la kutisha, na lisishikwe na mtunza hazina. Safu zake ziwe chache: jina, namba ya simu, anakaa wapi, amekuja kwa sababu gani, nani atampigia. Kwenye "anakaa wapi" kuandika "Tabata" hakusaidii kitu, Tabata ni kubwa. Andika kituo cha daladala na alama ya karibu: fremu ya dawa, shule, gereji, msikiti. Kwenye sababu, tofautisha anayepita, aliyehamia, anayeuguza mtu hospitalini, na anayetafuta kanisa. Safu ya mwisho ndiyo roho ya daftari: jina la mtu mmoja, aandikwe pale pale uani, kabla mgeni hajaondoka. Ukiandika "ofisi itawasiliana", hakuna atakayewasiliana.

Simu ipigwe Jumatatu jioni au Jumanne. Jumapili mchana ni mapema mno, Ijumaa mgeni ameshasahau sura zenu. Apige mtu wa jumuiya (kikundi cha waumini wa mtaa) ya karibu na anakoishi, siyo karani wa kanisa, na maneno yawe mafupi: jina langu fulani, tulionana Jumapili, mimi nakaa karibu na kituo chenu, umefikaje nyumbani, tunasali Jumamosi kwa mama fulani, ukipenda nitakupitia. Michango, bahasha na ubatizo visitajwe kwenye simu hii. Namba ya mgeni isiingizwe kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya bila yeye kukubali. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, kumkuta mgeni amebandikwa kwenye kundi la watu sitini wanaotumiana picha za maua kila alfajiri si ukarimu.

Jumuiya ndiyo mahali ambapo mengi hushindikana au hufaulu. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walikubaliana Nairobi mwaka 1973 kwamba kanisa lijengwe kupitia jumuiya ndogo ndogo, na mwaka 1976 wakalifanya jambo hilo kipaumbele cha kichungaji. Walutheri wa KKKT nao wana jumuiya zao za mitaani, na makanisa mengine yana vikundi vya nyumba kwa nyumba. Mfumo upo tayari, kazi ni kuangalia nani hawezi kuingia ndani yake.

Wa kwanza ni mwenye chumba kimoja. Jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba, na zamu ikikaribia kwake anaanza kuadimika. Watu husema amepoa kiroho. Ukweli ni kwamba kwa mama mwenye sebule Jumamosi iliyopita palikuwa na chai ya maziwa, chapati, sambusa na mayai, naye anaishi na watoto watatu kwenye chumba cha kupanga Manzese, na uani kuna wapangaji wengine sita na baba mwenye nyumba asiyependa kelele. Jumuiya inayojitambua huweka sheria ngumu: kinywaji kimoja na kitafunwa kimoja kwa kila nyumba, mwenye uwezo na asiye nao, au kusiwe na chakula kabisa. Anayeongeza sahani anakemewa kwa upole na mwenyekiti. Viti huazimwa nyumba ya jirani, au watu hukaa kwenye mkeka. Kama uani hapatoshi, zamu yake isaliwe chini ya mti wa jirani, ila yeye ndiye mwenyeji, yeye ndiye anayefungua kwa sala na kugawa masomo. Asirukwe kwa kumhurumia. Kumruka ni kumwambia hana nyumba.

Wa pili ni mtu wa zamu. Jumuiya nyingi husali Jumamosi alfajiri, saa kumi na mbili na nusu, muda unaomfaa mwajiriwa wa ofisini. Mlinzi wa usiku saa hiyo ndiyo anakabidhi lindo. Mama lishe yuko jikoni tangu saa kumi. Dereva wa bodaboda ana abiria wa asubuhi. Dada wa kazi hawezi kutoka hadi bosi wake aruhusu, na hapa pana jambo la aibu kidogo: bosi huyo pengine ni mwanajumuiya huyo huyo, amekaa pale mbele akisoma Injili, na aliyefunga geti nyuma yake ni dada ambaye hajasali tangu Pasaka. Njia rahisi ni jumuiya kuwa na kikao cha pili kifupi, Jumapili saa kumi jioni au siku ya wiki saa mbili usiku, hata kama watakuja watu watano. Kwa wadada wa kazi, mwenyekiti aongee na waajiri mmoja mmoja, awaombe saa mbili kwa wiki, na waajiri walioko jumuiya waanze wao.

Muda wa kikao usizidi saa moja. Dakika arobaini za wimbo, somo, tafakari na maombi, dakika kumi za taarifa za wagonjwa na wenye shida, dakika kumi za fedha. Vikao huharibika fedha zinapopanda juu. Mwenyekiti anasoma majina ya waliotoa na wasiotoa mchango wa jengo, na kwenye grupu inatumwa orodha yenye viwango, fulani 50,000, fulani 2,000, fulani alama ya kuuliza. Mwenye alama ya kuuliza atatoka kundini wiki ijayo, kimya kimya, kisha atatoka jumuiya, kisha kanisani. Orodha ya jumla inatosha: lengo, kilichopatikana, kilichobaki. Majina na viwango vibaki kwa mhazina na katibu.

Jumuiya pia ina mamlaka inayoogopwa: barua. Mzazi anayetaka mtoto abatizwe, wachumba wanaotaka kufunga ndoa, wote hutakiwa kupita kwa mwenyekiti athibitishe kwamba wanasali na wanashiriki. Utaratibu wenyewe una akili. Bila huo paroko au mchungaji wa watu elfu tano angejuaje nani ni nani? Unaharibika unapogeuka kizuizi cha ushuru. Mzazi anadaiwa michango ya miaka miwili ndipo barua isainiwe. Jumuiya ikitaka barua iwe na maana, mwenyekiti aifikishe kabla haijaombwa. Mtoto akizaliwa mtaani, yeye ndiye aende kupongeza na kuuliza lini mnabatiza. Anayefuatwa mapema hadaiwi, anaingizwa.

Yote haya hupimwa siku ya msiba. Dar es Salaam mtu anaweza kuishi bila kanisa miaka kumi, lakini msiba ukimkuta anajua kama ana watu au hana. Na hapo ndipo swali baya huulizwa: "Huyu alikuwa anasali jumuiya gani?" Maoni yangu ni kwamba swali hilo liulizwe baada ya mazishi, tena kwa kujihoji sisi tulikuwa wapi, maana marehemu hawezi kujirekebisha na mjane hakuwa ameandika daftari la mahudhurio.

Taarifa ikifika, watu watatu wagawane kazi katika saa ya kwanza. Mmoja aende hospitalini na familia: kuna taratibu za mochwari, kibali cha mazishi na madeni ya matibabu, na mfiwa hawezi kusoma karatasi siku hiyo. Wa pili aende nyumbani kushughulikia turubai, viti, maji na choo. Choo husahaulika. Nyumba yenye wapangaji saba ikipokea waombolezaji mia, kufikia jioni hakuna maji, kwa hiyo mapipa mawili yajazwe mapema na pafungwe makubaliano na jirani mwenye choo cha pili. Wa tatu ashike daftari la rambirambi pamoja na ndugu mmoja wa marehemu, wawili wasaini kila usiku, na jumla iambiwe familia peke yake.

Jikoni, hesabu ya watu mia ni hii: mchele kilo 12 hadi 13, maharage kilo 7, mafuta lita 2, vitunguu kilo 2, nyanya kilo 3. Chai ya rangi ya lita 30 inataka sukari kama kilo 2. Mchele huo usipikwe kwenye sufuria moja na mtu ambaye hajazoea, utaungua chini na juu ubaki na kiini. Gawa sufuria mbili. Maharage yanahitaji kulowekwa, na msiba hautoi taarifa, kwa hiyo mlo wa kwanza uwe kabichi na dagaa, maharage yalowekwe kwa ajili ya kesho. Kama kutakuwa na kuku au ng'ombe, achinje Mwislamu. Nusu ya waliobeba viti na kuchota maji ni majirani Waislamu, na hakuna sababu ya kuwalisha chai kavu kwenye msiba waliousimamia.

Mahali tunapokosea zaidi ni baada ya kuzika. Siku ya kwanza wapishi ni ishirini na wote wanatoa amri, siku ya nne hakuna hata wa kuosha sufuria. Pale mwili unaposafirishwa Moshi au Bukoba hali ni mbaya zaidi, kwa sababu basi dogo likiondoka jumuiya huona kazi imekwisha, wakati watoto wameachwa na jirani na chumba kina kodi ya mwezi ujao. Zamu iandikwe kwa miezi mitatu: wiki mbili za kwanza mtu mmoja kila siku, baadaye mara mbili kwa wiki, baadaye mara moja. Anayekwenda asiende kulia tena na mfiwa. Aende na jambo: kufuatilia cheti cha kifo RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), kuongea na mwalimu mkuu kuhusu ada, kumwomba mwenye nyumba asogeze tarehe, kukaa na mjane wakati wa kikao cha ukoo ili vitu vya ndani visigawanywe akiwa bado na kanga ya matanga. Hapo ndipo watu wengi hunyang'anywa, na kanisa lililoleta kwaya mbili kwenye mazishi huwa halipo.

Kuna mgeni mwingine wa Dar es Salaam asiyefika uani kabisa: anayeuguza. Hospitali ya Muhimbili na ile ya saratani ya Ocean Road hupokea wagonjwa kutoka kila mkoa, na tiba ya mionzi huchukua wiki kadhaa. Wengi huzungumza habari ya kuwatembelea wagonjwa na kwenda kundi la watu kumi na tano wenye sare, wakaimba wodini. Nendeni wawili. Zingatieni saa za kutembelea, kaeni dakika kumi na tano, msikae kitandani, msilete chakula kabla ya kumuuliza muuguzi. Leteni sabuni, maji, kanga safi, vocha. Kisha mtoke nje mkaongee na anayemuuguza, maana huyo ndiye aliyelala kwenye baraza tangu juzi. Anachohitaji ni mahali pa kuoga, kufua na kulala usiku mmoja akiwa amenyooka. Familia moja ya Upanga, Magomeni au Kinondoni yenye chumba cha watoto waliosafiri kwenda bweni inaweza kumpa hayo yote.

Turudi kwa jembe lenyewe. Kitabu cha Matendo sura ya sita kinaeleza jinsi wajane wa Kiyunani walivyosahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuhubiri juu ya upendo. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Walioonewa walikabidhiwa ghala. Sisi tukisikia vijana wanalalamika, tunawaundia semina.

Mgeni akifikisha mwezi wake wa pili kanisani, apewe kazi yenye siku na saa, kazi ambayo asipoifanya itaonekana. Kufungua madirisha na kuwasha feni ibada ya kwanza. Kusoma somo, akipewa karatasi siku nne kabla. Kushika daftari la wageni, kazi anayoiweza kuliko yeyote kwa sababu bado anakumbuka uchungu wake. Mwenye ufundi wa umeme apewe vipaza sauti, si kufagia. Mtu ambaye ndoa yake haijabarikiwa na kwa hiyo hashiriki meza ya Bwana, bado anaweza kuongoza zamu ya jikoni kwenye msiba, na anayemzuia atafute andiko.

Kikwazo cha ajabu hapa ni sare. Mgeni anataka kuimba, anaambiwa sare ni mbili, kitenge cha Pasaka na suti ya mavuno, na fundi ni yule yule. Gharama hiyo inazidi kodi yake ya mwezi. Kwaya iweke akiba ya mavazi ya walioacha, au imruhusu shati jeupe na sketi nyeusi kwa miezi sita ya kwanza, na mwalimu wa kwaya asimpange nyuma ya spika kwa sababu hiyo. Umoja wa wanawake nao wana kitenge chao, na mambo ni hayo hayo.

Kisha siku moja atahama, kwa sababu kodi imepanda au amepata kiwanja Chanika. Karani atamwandikia barua ya uhamisho, itawekwa kwenye bahasha, itakaa kwenye droo miezi minane. Mwenyekiti anayejua kazi yake hampi barua tu. Anauliza kituo kipya cha daladala, anatafuta nani anayesali upande ule, anapiga simu: kuna mtu wetu anahamia kwenu Jumamosi, ana watoto wawili, anajua umeme, msimpe kiti cha wageni. Na kama kuna kijana mwenye nguvu ambaye hana kibarua siku hiyo, anakwenda kusaidia kupakia kitanda kwenye kirikuu.